Gari Linalopiga Magoti

Baba yangu alistaafu ualimu mwaka 2023 akiwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wawili wa maziwa na ekari nane za misindano. Miti hiyo aliipanda mwaka 2005, mwaka ambao mimi nilianza darasa la kwanza, kwenye mteremko ambao wanakijiji walisema haufai hata kwa ulezi. Kwetu Njombe miti ni benki. Unapanda, unapalilia miaka ya mwanzo, unalima njia ya kuzuia moto, kisha unasubiri. Baba alisubiri miaka 19. Mwaka 2024 aliuza shamba zima kwa mfanyabiashara wa mbao, shilingi milioni 66, halafu akatupigia simu sisi watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akamwambia maneno yaleyale: "Nanunua gari. Gari kubwa."

Mstaafu akitaja gari, watoto wake hushtuka. Kila ukoo una hadithi ya kiinua mgongo kilichogeuka daladala, na daladala lililogeuka banda la kuku. Kaka yangu mkubwa akajaribu kumshawishi anunue gari dogo, akiba ibaki. Baba akamsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliokuja na visingizio, kisha akaanza kuhesabu.

Kijiji chetu kiko kilomita 18 kutoka barabara ya lami inayotoka Makambako kwenda Songea. Kilomita hizo ni udongo mwekundu, na kuanzia Desemba hadi Aprili udongo huo hugeuka sabuni. Nyumbani wanaishi watu sita: baba, mama, bibi mzaa baba na wajukuu watatu. Na mama ana goti.

Kila mtu ana magoti, lakini kwetu ukisema "mama ana goti" kila mmoja anaelewa. Ni baridi yabisi, goti la kulia. Kila baada ya miezi mitatu anakwenda kliniki ya mifupa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700. Basi linaondoka Njombe kabla ya mapambazuko na kufika jioni au usiku. Goti halikunji vizuri, na kiti cha basi hakijui hilo. Njiani kondakta hutangaza dakika chache za kuchimba dawa, abiria wanashuka mbio, wanatawanyika vichakani. Mama hawezi kushuka mbio, wala hawezi kuchuchumaa kichakani. Kwa hiyo tangu usiku wa kuamkia safari hanywi maji. Alituambia jambo hilo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuloweka maharage.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena gari dogo. Tukachanga milioni 15, jumla ikawa 81. Mimi ni mhasibu na naishi Dar, hivyo kazi ya kutafuta ikaniangukia. "Wewe ndiye mwenye hesabu," baba alisema. "Leta machaguo mawili. Matatu yatatuchanganya."

*

Kwanza nilipiga hesabu ya kuagiza kutoka nje. Gari lenye zaidi ya miaka 10 na injini ya zaidi ya lita mbili hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18. Asilimia hizo hazisimami kila moja peke yake; zinapandiana mgongoni. Ukimaliza kuzipanga, kodi imeizidi thamani ya gari lenyewe lilipofika bandarini. Nikafunga kompyuta, nikaanza kuzunguka kwenye yadi za mjini.

Baada ya wiki sita nilikuwa na machaguo mawili. La kwanza lilikuwa Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 2011, petroli, lita 2.7, milioni 72. La pili lilikuwa Land Rover Discovery 4 ya mwaka huohuo, dizeli, lita 3.0, milioni 50. Yote mawili namba D, yote mawili viti saba, yote mawili meusi. Nilimtumia baba picha kwa simu. Alinijibu baada ya dakika moja: "Hilo la pili."

Sikushangaa. Baba alianza kazi mwaka 1988 kwenye shule ya msingi iliyokuwa bondeni. Mkaguzi wa shule alikuja kwa Land Rover. Ngurumo yake ilisikika tangu iko ng'ambo ya bonde, na kati ya kuisikia na kuiona ilikuwapo nafasi ya kufagia uwanja, kupanga madaftari, na mwalimu mkuu kutafuta tai yake. Mkaguzi alishuka na vumbi lake, akakaa nyuma ya darasa, akaandika. Baba, kijana wa miaka 25, alifundisha kugawanya kwa sehemu huku akilitazama gari kupitia dirishani. Anakumbuka kwamba lilikuwa la kijani na mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya katani. Hakumbuki mkaguzi aliandika nini.

Gari hilo lilikuwa na ukoo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Lilibuniwa kwa ajili ya mkulima, lakini huku kwetu lilikuja na bwana shauri, polisi na daktari. Uhuru ulipokuja abiria walibadilika, gari likabaki lilelile. Mtoto wa kijijini hakuhitaji kusoma katiba kujua serikali ni nini. Ilikuwa na matairi manne na ilipanda mlima wakati wa mvua.

Toyota nayo ina kisa chake. Mwaka 1951 gari lao la majaribio lililoitwa Toyota Jeep BJ lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Tatizo lilikuwa jina, kwa sababu Jeep lilikuwa na wenyewe. Mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi, Hanji Umehara, akachagua jina Land Cruiser, na sababu aliyoitoa ni kwamba hakutaka jina litakalosikika duni mbele ya Land Rover. Yaani siku ile ile lilipobatizwa, tayari lilikuwa linalinganishwa. Kazi niliyokuwa nikiifanya kwenye daftari langu ilikuwa imeanza miaka 70 iliyopita, Japani.

Mkaguzi wa baba naye alihama. Miaka ya tisini alianza kuja kwa Land Cruiser yenye namba za DFP, gari la mradi wa wafadhili. Baadaye miji ikajaa Land Cruiser kubwa za vioo vyeusi, na Kiswahili cha mtaani, ambacho hakikosi jina la kitu, kikaziita mashangingi. Shangingi lilikuwa tayari neno la mwanamke wa mjini, mjanja, mwenye gharama. Wananchi walipolihamishia kwenye gari la kiongozi walikuwa wanatoa maoni yao kuhusu matumizi ya kodi, bila kuitisha mkutano wa hadhara.

Kwa hiyo baba hakuwa akichagua kati ya gari na gari. Land Rover kwake lilikuwa gari la mtu anayekuja kukutazama unavyofanya kazi. Land Cruiser lilikuwa gari la mtu ambaye haji kabisa, anapita tu. Kama angenunua moja, alitaka lile la kwanza. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2008 kampuni ya Land Rover inamilikiwa na Tata Motors ya India. Akacheka sana kwenye simu. "Kumbe mkaguzi naye amekaguliwa," alisema.

*

Daftari langu lilikuwa na safu mbili. Nilijaza usiku baada ya kazi, na kadiri nilivyojaza ndivyo safu ya Discovery ilivyonenepa.

Nguvu: injini ya Prado hutoa nguvu farasi 163 na msokoto wa nyutonimita 246. Discovery hutoa nguvu farasi 245 na msokoto wa nyutonimita 600. Msokoto ndio unaobeba gari lililojaa watu na viazi kupanda mlima. Kwenye milima ya Kitonga tofauti hiyo si namba tena. Ni kuipita semi-trela au kuifuata nyuma ukivuta moshi wake.

Mafuta: kwa mizigo yetu nilikadiria Prado kilomita nane kwa lita, Discovery kilomita kumi. Dar hadi Njombe, tofauti ya karibu lita 18 kwenda, lita 18 kurudi.

Nafasi: viti vya nyuma kabisa vya Prado ni vya watoto. Mtu mzima hukaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Discovery ina paa lililoinuliwa kwa nyuma, na kila safu ya viti imekaa juu kidogo kuliko iliyo mbele yake, kama viti vya uwanja wa mpira. Bibi yangu angeweza kukaa safu ya tatu na bado akaona barabara na kuitolea maoni.

Mlango wa nyuma: wa Prado hufunguka kwa ubavu kama mlango wa kabati. Wa Discovery umegawanyika mara mbili. Sehemu ya juu inapanda, ya chini inashuka na kuwa benchi. Baba aliupenda mlango huo kabla hajauona. Alishajiona ameukalia kwenye mteremko wake, akila muhindi wa kuchoma.

Mwinuko kutoka chini: Prado ina sentimita 22, siku zote. Discovery haina chuma cha springi kama tulivyozoea. Imekaa juu ya mifuko ya hewa. Kwenye lami hukaa chini, sentimita 18 na nusu. Ukibonyeza kitufe hujinyanyua hadi 24, juu kuliko Prado. Ukibonyeza kingine hushuka ili abiria aingie.

Bei: Discovery ilikuwa nafuu kwa milioni 22. Hilo ndilo lililonisumbua. Kwenye uhasibu tunafundishwa kwamba kitu kizuri kinachouzwa rahisi kina gharama iliyoandikwa mahali pengine. Gari lenye nguvu zaidi, nafasi zaidi, linalotumia mafuta kidogo, limeuzwa jipya kwa bei ya juu, lakini mtumba wake unashindwa na Toyota ya petroli yenye mwendo wa kobe. Wanunuzi wote wa mji huu hawawezi kuwa wamelogwa. Walikuwa wanajua kitu, na kitu hicho hakikuwamo kwenye safu zangu.

*

Nikampelekea fundi. Ni mzee mmoja wa Ilala ambaye kaka yangu amekuwa akimpelekea magari kwa miaka mingi, mtu anayeongea taratibu na kusafisha mikono kabla ya kukusalimia. Aliyakagua magari yote mawili kwa siku mbili tofauti. Aliyalaza chini, akayaendesha, akayachomeka kompyuta ya kusomea gari. Yote yalipita. Nilikuwa natamani moja lishindwe ili kazi yangu iishe.

"Fundi, lipi zuri?" nikamuuliza.

"Zuri ni lile la Mwingereza," alijibu bila kusita. "Ukilipeleka Mbeya unashuka hujachoka. Lakini dada, swali lako halijakaa vizuri. Niulize likizima Makambako saa tatu usiku, nani anakuja."

Kisha akanieleza, akichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha. Injini ya Prado ile huzungusha taimingi yake kwa cheni. Ya Discovery huzungusha kwa mkanda, na nyuma yake kuna mkanda mwingine wa pampu ya mafuta. Mikanda ina umri wake. Mwenye gari akisahau kubadilisha, mashine inaharibika kabisa. Mifuko ya hewa ni mpira, na mpira huzeeka. Kompresa inayoijaza huchoka, hasa pale mpira unapoanza kuvuja na kuilazimisha ifanye kazi bila kupumzika. Zipo kazi kubwa, kama ya kubadili turbo, ambazo mafundi wengi huamua kuinua bodi nzima kutoka kwenye chasisi ndipo mkono ufike. Breki ya mkono ni ya umeme, kitufe tu. Hakuna kati ya hayo lililo baya, alisema. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na mtu mwenye kompyuta.

"Na Prado?"

"Prado ina matatizo yake. Ila matatizo yake yanajulikana hadi vijijini. Makambako kuna kijana atakayelala chini ya Prado na tochi ya simu mdomoni, na spea yake ataipata dukani kabla hawajafunga. Huyo huyo ukimpelekea hili jingine, atalizunguka mara mbili halafu atakuuliza kama umekula."

Nilikwenda nyumbani nikaongeza mstari kwenye daftari. Nilijaribu kuuita "gharama za matengenezo", lakini haukuwa huo. Kila gari huharibika. Nilichokuwa nalinganisha sasa ni idadi ya watu kati ya Chalinze na kijijini kwetu wanaojua cha kufanya likiharibika. Hao ndio wanaouzwa ndani ya bei ya Prado. Zile milioni 22 hazikuwa za injini, wala za jina. Zilikuwa za vijana wenye tochi mdomoni, waliojifunza kwenye Hilux, Hiace na Land Cruiser za miradi zilizopita huko kwa miaka 30, bila darasa wala cheti.

Nilimpigia baba, nikamsomea. Alikaa kimya muda mrefu. "Miaka 19 nimengoja miti ikue," alisema mwishowe, "halafu mtoto wa gereji ndiye anichagulie gari?"

*

Februari mama alikuja kliniki, na safari hiyo baba alimsindikiza. Siku mbili baada ya kumwona daktari niliwapeleka kwenye yadi.

Tulianza na Discovery. Dalali alikuwa kijana mchangamfu; aliposikia habari ya goti hakusema neno, akaingia ndani akabonyeza kitufe. Gari likatoa pumzi na kushuka polepole, sentimita tano tu, lakini ukiwa umesimama karibu ilionekana kama mnyama mkubwa anajikunja. Mama akashika mkono wa mlango, akageuka, akaketi, akaingiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Hakushikwa na mtu. Miaka mitatu nilikuwa sijamwona akiingia kwenye gari lolote bila kushikwa.

Kwetu mwanamke humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti. Mama alimsalimu bibi hivyo kila asubuhi tangu alipoolewa, hadi goti lilipokataa. Siku hizi huinama tu na kusema "Kamwene" akiwa amesimama, na ingawa bibi amemwambia mara nyingi kwamba inatosha, najua humwia vigumu. Sasa alikaa kwenye kiti cha ngozi, akapapasa dashibodi, akacheka hadi akajifuta macho kwa khanga.

"Mimi siwezi tena kumpigia magoti mama mkwe," alisema, "na gari la Wazungu linanipigia mimi."

Baba alinitazama. Ulikuwa ule uso wa mtu aliyeshinda kesi bila wakili.

Yadi ya Prado ilikuwa ng'ambo ya barabara. Prado haishuki. Ina ngazi ya ubavuni, lakini ngazi yenyewe iko juu kwa mtu ambaye mguu haupandi. Mimi nilishika kiwiko, dalali akashika kiwiko kingine, baba akasimama nyuma mikono imenyooka kama golikipa. Mama aliingia. Hakusema kitu. Alirekebisha khanga yake, akatazama mbele kama abiria wa basi.

Usiku ule, nyumbani kwangu Kimara, tulikula wali na samaki na hakuna aliyetaja magari hadi vyombo vilipoondolewa. Baba akaniomba nisome daftari, mama naye asikie. Nikasoma yote: msokoto, mafuta, viti, mlango, mifuko ya hewa, mikanda, kijana wa Makambako. Sikuficha chochote na sikupendelea upande. Ukweli ni kwamba nilitaka Prado tangu siku ya fundi, lakini nilikuwa nimemwona mama akiingia peke yake kwenye lile lingine, na sikuwa na safu ya kuandika jambo hilo.

Baba akasema gari la kumdhalilisha mama kila asubuhi halimfai. Akasema mifuko ya hewa hata ikichoka miaka mitano ijayo, ile milioni 22 ipo, itatengeneza. Hesabu yake haikuwa mbaya. Kwa mtu anayeishi Dar, ningemuunga mkono.

Mama alikuwa amelaza mguu juu ya stuli. Akauliza swali moja: "Huo mfuko wa hewa ukipasuka tukiwa porini, gari linafanyaje?"

"Linashuka chini," nikasema. "Linalala upande huo."

"Halinyanyuki?"

"Hadi fundi wake aje."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi mwalimu, tusinunue hilo. Litapiga magoti siku moja lishindwe kuinuka, na wenye magoti mabovu tutakuwa wawili. Mimi nikiwa mgonjwa nataka nibebwe na mzima."

Baba hakujibu. Alitoka nje, akakaa barazani. Nilimfuata baada ya muda na kikombe cha chai, nikamkuta anatazama barabara ya Morogoro kwa mbali, taa za magari zikipanda na kushuka. Nilidhani amekasirika. "Unajua," alisema, "yule mkaguzi gari lake liliwahi kukwama shuleni siku tatu. Alilala nyumbani kwa mwalimu mkuu. Siku ya tatu alikuwa hana tai." Akanywa chai. "Alikuwa mtu mzuri tu, kumbe."

Asubuhi alivaa koti, akasema twende tukaongee na mwenye Prado.

*

Alimshusha hadi milioni 70. Iliyobaki ilikwenda kwenye bima kubwa, kubadili umiliki, tairi nne mpya, na akiba ambayo kaka yangu aliifungia kwenye akaunti ambayo baba hana kadi yake. Shilingi 60,000 nilimpa seremala wa Keko. Alitutengenezea kigoda cha mninga chenye ngazi mbili, kipana kwa chini ili kisiyumbe kwenye udongo, na kamba ya kukivutia ndani ukishaketi. Mama alikijaribu kwenye uchochoro wa seremala, akipanda na kushuka mara nne. Mara ya nne hakumshika mtu. Kilikuwa juu kuliko gari linavyoweza kushuka, na hakina kompresa.

Sitadanganya kwamba Prado imetushinda kwa uzuri. Inakunywa petroli. Bibi hakai nyuma kabisa. Hukaa katikati, na wajukuu wawili ndio wanaokunja magoti huko nyuma wakilalamika. Mlango wa kabati unahitaji nafasi ambayo stendi ya Njombe haina. Na baba, ninapompigia Jumapili, bado hunieleza Discovery aliyoiona, rangi yake, na nani alikuwa anaiendesha.

Niliungana nao kwenye safari ya kwanza kwenda nyumbani. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kaka yangu akiendesha, mama mbele na kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho, mguu wa kulia umenyooka. Tulipita Morogoro kukiwa kumekucha vizuri. Mikumi tulipunguza mwendo, twiga watatu wakavuka kama wenye barabara. Ruaha Mbuyuni tulisimama, baba akashuka kununua vitunguu, akabishana bei na akina mama watatu kwa wakati mmoja. Nilimnunulia mama chupa ya maji, nikampa nikijua ataiweka miguuni kama kawaida.

Aliifungua. Akanywa nusu, akapumzika, akanywa nusu iliyobaki. Kisha akafuta mdomo na kuniomba nyingine.

Kitonga tulipanda nyuma ya semi-trela, gia ya pili, injini ikilia kama mtu anayesimulia shida zake. Kulikuwa hakuna nafasi ya kuipita wala nguvu ya kuipitia. Baba alikaa kimya nyuma na kapu lake la vitunguu, na hakuna aliyethubutu kutaja nyutonimita. Tulipofika juu, karibu na Ilula, mama aligonga dashibodi kwa kidole.

"Simama kwenye sheli hapo mbele," alimwambia kaka. "Nataka kushuka."

Kaka akawasha taa ya pembeni. Baba akaanza kutafuta kigoda chini ya vitunguu.